Idhini Ipi Itangulie? Mpangilio wa Ukufunzi wa Urubani Uamuliwe na Mwanafunzi, Si na Bei

Rubani anayepata leseni ya biashara nchini Marekani hujikuta katika hali ngumu: sheria imekwisha kumruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, lakini kazi zinazomngoja ni chache mno. Kwa njia ya kawaida ana takriban saa 250 za kuruka kwenye daftari lake, ilhali kiti cha rubani msaidizi katika shirika la ndege la abiria nchini humo kinadai leseni ya daraja la juu kabisa, ambayo kwa raia wa kawaida asiye na shahada ya fani hiyo haitolewi kabla ya saa 1,500. Pengo hilo ndilo linalowapeleka marubani wengi vijana kwenye ukufunzi, wakiwamo Waafrika Mashariki waliovuka bahari kwenda kujifunza Florida, Texas au Arizona. Wakifika hapo hukutana na swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka kuliko linavyostahili: kati ya idhini tatu za kufundisha urubani wa ndege, yaani ya injini moja, ya kuruka kwa ala na ya injini zaidi ya moja, ipi ichukuliwe kwanza?

Majibu mengi ninayoyasikia yamejengwa juu ya hesabu ya fedha na ya siku. Mmoja anasema aanze na idhini ambayo mtihani wake ni mwepesi, mwingine anasema aanze na ndege ambayo tayari anairusha ili asilipie kuizoea nyingine. Hesabu hizo si za kubezwa, kwa maana mafunzo haya ni ghali na wanaoyalipia mara nyingi ni wazazi. Lakini naamini zinaanzia mahali pasipofaa. Mpangilio unapaswa kuamuliwa na mtu atakayeketi upande wa kushoto siku ya kwanza ya kazi. Kwa karibu kila rubani anayetoka shuleni, mtu huyo ni mwanafunzi asiyejua kutua. Kwa sababu hiyo idhini ya injini moja itangulie, ya kuruka kwa ala ifuate mara moja, na ya injini mbili ingoje hadi mkufunzi awe amefundisha kwa muda wa kutosha.

Kwanza tuliangalie lile ambalo sheria inalitaka. Marubani huiita idhini ya injini moja CFI. Ile ya kuruka kwa ala, yaani kuongoza ndege kwa kusoma ala za chumba cha rubani bila kutegemea kuona nje, CFII. Na ya injini zaidi ya moja, MEI. Zote huandikwa kwenye cheti kimoja cha ukufunzi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe na leseni ya biashara au ya juu zaidi pamoja na idhini yake mwenyewe ya kuruka kwa ala (si ya kuifundisha), afaulu mtihani wa nadharia wa misingi ya kufundisha na mwingine wa fani yenyewe, kisha afanye mtihani wa vitendo mbele ya mtahini. Anayeomba idhini ya ndege, iwe ya injini moja au zaidi, lazima pia athibitishwe na mkufunzi wake kwamba anaweza kuiingiza ndege katika spini, yaani kushuka huku ikizunguka kama pia, na kuitoa salama, na kwamba anaweza kulifundisha jambo hilo. Halafu kuna sharti ambalo kwa maandishi ni dogo lakini katika mjadala wetu lina uzito mkubwa: mwombaji awe na angalau saa 15 kama rubani kiongozi katika kundi la ndege, la injini moja au la zaidi, analotaka kufundishia.

Katika masharti hayo yote hakuna linalosema idhini fulani itangulie nyingine. Rubani yuko huru kuanza na yoyote kati ya hizo tatu, na akishafaulu ya kwanza, mitihani ya vitendo ya zilizobaki hupungua ukubwa kwa sababu misingi ya kufundisha imekwisha kupimwa. Ulaya mambo ni tofauti kabisa. Chini ya kanuni za Shirika la Usalama wa Anga la Ulaya, EASA, mkufunzi mpya hupewa cheti chenye mipaka, na hufanya kazi chini ya usimamizi hadi afundishe saa 100 na kusimamia wanafunzi wakiruka peke yao angalau mara 25. Kufundisha kuruka kwa ala kunamtaka awe na saa 200 za safari za aina hiyo, na kufundisha ndege ya injini mbili kunamtaka awe na saa 500 za urubani, 30 kati ya hizo akiwa rubani kiongozi wa kundi hilo la ndege. Kwa maneno mengine, Ulaya mpangilio umeandikwa ndani ya sheria, na ngazi zake zinafanana sana na mpangilio ninaoutetea hapa. Marekani imeliacha jambo hili kwa busara ya rubani mwenyewe na ya shule anayoilipa, na penye uhuru wa namna hiyo, shule ndiyo inayosema kwa sauti kubwa zaidi.

Njia inayonisumbua zaidi ni ile ya kuanza na MEI. Ipo mitaala ya haraka inayompitisha mwanafunzi kwenye leseni ya biashara akiwa ndani ya ndege ya injini mbili, kisha inamwambia kwamba, kwa kuwa ameizoea ndege hiyo, aanze ukufunzi humo humo. Kwenye karatasi hoja hiyo inaonekana safi. Mwanafunzi anazifahamu kasi zake, anazikumbuka taratibu za injini kuzimika, hana haja ya kurudi kwenye ndege ndogo, na kila saa anayolipia inaingia kwenye hesabu ya saa 50 za injini mbili ambazo leseni ya daraja la juu inazidai. Tatizo ni kwamba kuijua ndege na kuijua kazi ya kufundisha ndani ya ndege ni mambo mawili. Anayeanza na MEI anajifunza kufundisha mahali ambapo kosa la mwanafunzi lina nafasi finyu zaidi ya kurekebishwa.

Fikiria somo lenyewe lilivyo. Injini moja ya ndege ya injini mbili inapozimika, ile inayobaki huisukuma ndege igeuke kuelekea upande wa injini iliyokufa, na usukani wa mkia hulizuia geuko hilo iwapo tu hewa inapita juu yake kwa kasi ya kutosha. Chini ya kasi fulani, iliyochorwa kwa mstari mwekundu kwenye kipima kasi, usukani huo hushindwa, na ndege huanza kugeuka na kulala upande bila rubani kuweza kuizuia. Mkufunzi wa MEI analazimika kumpeleka mwanafunzi hadi kwenye ukingo wa hali hiyo, amwonyeshe dalili zake, kisha wairudishe ndege kwa kupunguza nguvu ya injini inayofanya kazi na kushusha pua. Viwango vya mtihani vinataka zoezi hilo likamilike likiwa juu ya futi 3,000 kutoka ardhini, na injini ikizimwa kwa kuigiza wakati ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia, ifanyike kabla ya kufikia nusu ya kasi ile ya mstari mwekundu. Kuna sababu ya vipimo hivyo kuwekwa kwa umakini huo. Mwanafunzi akikanyaga pedali isiyo sahihi karibu na ardhi, muda wa mkufunzi kutambua kosa, kuamua na kuchukua ndege ni mfupi mno.

Uwezo wa kutambua kosa kabla halijakomaa hauwezi kusomwa kwenye kitabu. Hujengeka kwa kumtazama mwanafunzi mmoja akitua vibaya kwa njia moja, na mwingine kwa njia nyingine, mpaka mkono wa mkufunzi unapojua wenyewe ni lini usubiri na ni lini uingilie. Ndege ya mafunzo ya injini moja ina subira. Inatua polepole, vyuma vyake vya magurudumu vimetengenezwa kuvumilia, na mwanafunzi akivuta usukani mapema mno, mkufunzi ana muda wa kusema neno, kurudia neno, kisha kushika. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Isitoshe, kuna kiti. Mkufunzi hukaa kulia, na rubani aliyezoea kiti cha kushoto hujikuta mikono imebadilishana kazi: usukani sasa uko kwenye mkono wa kulia, na wenzo wa nguvu ya injini uko kwenye wa kushoto. Pua ya ndege haionekani pale ilipozoeleka kuonekana, na ala zilizopangwa mbele ya kiti cha kushoto zinasomwa kwa upande. Marafiki wa njia ya haraka husema mazoea hayo huja kwa saa chache, na ni kweli kwamba kutua kutoka kulia si jambo la miujiza. Lakini kutua kutoka kulia huku ukieleza kwa maneno yanayoeleweka kila unachokifanya, huku ukimwangalia aliye kando yako anafanya nini kwa miguu yake, ni mzigo wa namna nyingine. Sioni busara ya kuubeba mzigo huo kwa mara ya kwanza ndani ya ndege yenye injini mbili, magurudumu yanayokunjwa na gharama ya kila saa inayomfanya kila mmoja ndani yake atamani somo liishe upesi.

Misingi ya kufundisha ambayo kila mwombaji huisomea inayo kanuni ya utangulizi: kile ambacho mtu hujifunza mwanzo hukaa naye kwa nguvu, na kukifuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kukifundisha sawasawa tangu mwanzo. Sisi hulieleza jambo hilo kwa ajili ya mwanafunzi. Naona linamhusu mkufunzi mwenyewe vilevile. Anayeanza kazi hii kwa wanafunzi ambao tayari ni marubani huzoea kusahihisha. Anayeanza na asiyejua lolote hulazimika kujenga. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani, lazima umweleze kwa nini ndege inainuka, kwa nini pua inashuka pindi unapopunguza nguvu, kwa nini kuvuta usukani hakumaanishi kupanda. Ukishindwa kueleza, utaiona sura yake, na utagundua kwamba mambo fulani uliyapita kwenye mitihani bila kuyaelewa. Hakuna idhini nyingine inayomfichulia mkufunzi upungufu wake kwa kiwango hicho.

Na mambo hayo ya mwanzo si ya kitoto. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakaangamia watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake ardhini. Uchunguzi ulihitimisha kwamba chanzo kilikuwa hatua isiyofaa ya nahodha baada ya kifaa cha kuonya kuutikisa usukani: badala ya kushusha pua, aliivuta, na mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba ndege, hali ambayo marubani huiita stoli. Ajali hiyo ndiyo iliyoleta sheria ya mwaka 2010, na kutokana nayo kanuni ya mwaka 2013 iliyowataka marubani wasaidizi wote wa mashirika ya ndege ya Marekani wawe na leseni ya daraja la juu na hivyo, kwa kawaida, saa 1,500. Marubani wote wawili wa safari ile walikuwa wamekwisha kuvuka idadi hiyo. Nahodha alikuwa na zaidi ya saa 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Kushusha pua mbele ya stoli ni somo la wiki za mwanzo kabisa za mwanafunzi rubani, na hufundishwa na mkufunzi wa CFI ndani ya ndege ndogo ya injini moja. Siwezi kukubali kwamba kazi ya kulipanda somo hilo katika fahamu za mtu ni ya kurukwa, au ya kufanywa baadaye kama nyongeza.

Njia ya pili, ya kuanza na CFII, ina hoja nzuri zaidi, na tangu mwaka 2018 imepata nguvu ya kisheria. FAA ilirekebisha kanuni, na sasa mwenye idhini ya ukufunzi wa kuruka kwa ala pekee anaweza kutoa mafunzo hayo, mradi yeye mwenyewe awe na leseni ya kundi la ndege linalotumika, na anayefundishwa awe tayari na leseni ya kundi hilo. Mtihani wake wa vitendo una mambo machache zaidi, hauna sharti la spini, na sehemu ya mazoezi yake inaweza kufanyiwa kwenye simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji. Kwa rubani ambaye bado ana makali ya kuruka kwa ala, kuingia kupitia mlango huo kunaokoa muda.

Lakini mlango huo unaingiza kwenye chumba kidogo. Mwenye CFII pekee hawezi kumchukua mtu asiye na leseni akamfundisha hadi aruke peke yake. Shule inayomwajiri haiwezi kumpa wanafunzi wapya, na wanafunzi wapya ndio wengi katika shule yoyote. Atakaa akisubiri wenzake wawafikishe watu kwenye leseni ya rubani binafsi ndipo yeye aanze. Tena uzito wa misingi ya kufundisha haumwachi, kwa sababu hupimwa kwenye mtihani wa kwanza wowote ule. Alichokiepuka ni spini na mafunzo ya kutua, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo mkufunzi hapaswi kuviepuka.

Niseme wazi kwamba sipingi CFII; ninachopinga ni kuipa nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili inaistahili kabisa, na naisisitiza kuliko wengi wanavyofanya. Wapo marubani wanaopata CFI, wakaanza kazi, kisha wakaiacha CFII hadi miezi kadhaa ipite. Matokeo yake huonekana kwa mwanafunzi. Mkufunzi wa CFI anaruhusiwa kumpa saa 3 za mazoezi ya ala zinazohitajika kwa leseni ya rubani binafsi, lakini mwanafunzi huyohuyo akitaka kuendelea na idhini ya kuruka kwa ala, au kupata saa 10 za mafunzo ya ala zinazodaiwa na leseni ya biashara, lazima akabidhiwe kwa mwingine. Mwalimu aliyemjua tangu siku ya kwanza, anayejua kwamba huyu hukimbilia kuzungumza kwenye redio kabla ya kuituliza ndege, anampoteza pale ambapo ujuzi huo ungefaa zaidi. Mkufunzi mpya naye huanza upya kumsoma mtu, kwa gharama ya mwanafunzi.

Sababu nyingine ni kusahau. Kati ya idhini ya kuruka kwa ala na leseni ya biashara, rubani hutumia muda mwingi kwenye mizunguko na mapito ya kuangalia nje. Stadi za kufuata njia ya kutua ndani ya mawingu, kuzunguka mahali pa kusubiri, kusoma ala zote kwa mpangilio bila kukazia macho moja, hufifia haraka. Sheria yenyewe inalitambua hilo, kwa kuwa inamtaka rubani anayetaka kuongoza safari za ala awe amefanya mikaribio 6 ya kutua kwa ala, pamoja na kuzunguka mahali pa kusubiri na kufuata mawimbi ya mitambo ya uongozaji, ndani ya miezi 6. Mazoezi ya CFII yanazirudisha stadi hizo, na safari hii zinarudi kwa undani, kwa sababu anayezirudia lazima aweze kuzieleza.

Faida kwa daftari la mkufunzi nayo ipo. Leseni ya daraja la juu haihesabu saa 1,500 tupu. Ndani yake lazima ziwemo saa 500 za safari za mbali, 100 za usiku na 75 za ala. Mwalimu anayezunguka uwanjani na wanafunzi wapya hukusanya saa nyingi, lakini za safari za mbali chache. Mafunzo ya kuruka kwa ala yanamtoa nje ya uwanja. Safari moja tu kati ya zinazodaiwa na idhini hiyo ina urefu wa maili za baharini 250, na mkufunzi yumo ndani yake, akiandika saa hizo kama rubani kiongozi.

Sasa MEI. Niliposema ingoje sikuwa na maana kwamba idharauliwe. Hapa lile sharti la saa 15 linadhihirisha uzito wake. Rubani wengi huongeza ndege ya injini mbili kwenye leseni yao ya biashara kwa mafunzo mafupi sana, na saa walizofundishwa kabla ya kupata idhini hiyo haziwezi kuandikwa kama za rubani kiongozi. Wanapotaka MEI, inawabidi watafute karibu saa zote 15. Habari njema ni kwamba mazoezi ya kujiandaa kwa MEI, kwa kuwa yanafanywa na mtu mwenye idhini ya ndege hiyo akiiongoza mwenyewe, yanahesabika. Habari isiyopendeza ni kwamba kila saa ina mafuta ya injini mbili. Juu ya hayo, sheria haimruhusu mkufunzi kufundisha katika ndege ya injini mbili ambayo hana angalau saa 5 za kuiongoza ndani ya muundo huohuo wa ndege. Na juu ya sheria zipo kampuni za bima, ambazo mara nyingi humtaka mkufunzi awe na saa nyingi zaidi kuliko zile za FAA kabla ya kumkubali. Kijana anayetumia akiba yake yote kupata MEI mapema anaweza kuwa na karatasi ambayo shule yake haiwezi kuitumia.

Akisubiri, fedha hiyo inaweza kutoka kwenye mshahara wake wa CFI, na shule nyingine huwasaidia wakufunzi wao kuipata kwa bei nafuu. Anaifikia akiwa amekwisha kufundisha mamia ya saa, na mtihani wake wa nadharia hautakuwapo, kwa kuwa ule wa CFI unahusu ndege za injini moja na zaidi kwa pamoja. Kuna na jambo la utaratibu ambalo wengi hulisahau. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 vyeti vya ukufunzi vya FAA havina tena tarehe ya kumalizika, lakini mkufunzi lazima aonyeshe shughuli ndani ya kila miezi 24. Mojawapo ya njia za kuonyesha ni kupeleka watahiniwa watano au zaidi kwenye mtihani wa vitendo, asilimia 80 wakifaulu mara ya kwanza. Njia nyingine ni kufaulu mtihani wa idhini mpya ya ukufunzi. Anayechukua MEI mwezi wa kumi na nane au wa ishirini anakuwa ameongeza idhini na kuhuisha cheti kwa wakati mmoja. Aliyezichukua zote tatu ndani ya mwezi mmoja ametumia nafasi hiyo bila faida.

Mpangilio huu una watu ambao hauwahusu. Rubani aliyestaafu jeshini, au aliyerusha ndege za kukodi za injini mbili kwa miaka, akaja ukufunzini akiwa na mamia ya saa katika ndege hizo na amekwisha kuwaongoza marubani wadogo, anaweza kuanza na MEI bila mimi kumnyooshea kidole, hasa kama ameahidiwa kazi katika shule inayomhitaji hapo. Anayefanya kazi kwenye simuleta na wanafunzi wa ala anaweza kuwa na sababu ya kuanza na CFII. Bado ningewasihi wote wawili waikamilishe CFI upesi, lakini naelewa.

Kwa mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki kuna hesabu ya pili, na ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa saa yake haiendeshwi na FAA pekee. Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kupata ruhusa ya kufanya kazi ya vitendo kwa miezi 12 baada ya masomo, na akikaa bila kazi jumla ya siku zaidi ya 90 ruhusa hiyo inaharibika. Mwenye M-1, ambayo ndiyo visa ya shule nyingi za urubani, anapata mwezi mmoja wa kazi ya vitendo kwa kila miezi minne ya masomo, na kamwe si zaidi ya miezi sita. Mtu wa aina hii hawezi kukaa akisubiri wanafunzi. Lazima siku ruhusa yake inapoanza aweze kupewa mtu yeyote anayeingia mlangoni, awe anaanza kabisa au anaendelea na ala. CFI na CFII zikiwa mkononi kabla masomo hayajaisha, miezi hiyo inajaa kazi. MEI peke yake, au CFII peke yake, inaweza kumfanya akae akiangalia wenzake wakiruka huku siku zake zikiisha.

Lakini kuna sababu ya kina zaidi ya yeye kuutazama mpangilio huu kwa macho tofauti na wenzake wa Marekani. Saa 1,500 za rubani msaidizi ni sharti la Marekani. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambavyo nchi zetu zinavifuata, rubani msaidizi anaweza kukaa kwenye kiti chake akiwa na leseni ya biashara pamoja na idhini ya kuruka kwa ala na ya ndege husika. Anayekusudia kurudi nyumbani halazimiki kuhesabu kila saa ya ukufunzi kama tofali la kufikia 1,500, wala kuzikimbilia saa 50 za injini mbili kana kwamba mlango utafungwa. Anaweza kufundisha kwa sababu ya kufundisha. Leseni yake ya Marekani haitatumika moja kwa moja kwenye ndege iliyosajiliwa Kenya au Tanzania hadi mamlaka ya nchi hiyo iitambue au aibadilishe kwa mitihani inayotakiwa, na cheti cha ukufunzi kina taratibu zake kadhalika. Hata hivyo stadi haipitii dawati la uhamiaji. Mtu aliyewafikisha wanafunzi kadhaa kutoka kutojua lolote hadi kuruka peke yao anarudi na kitu ambacho uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, na kila shule ya urubani ya ukanda wetu, unakihitaji kuliko saa za injini mbili zilizonunuliwa.

Kwa hiyo anayekaribia kulipa karo ya ukufunzi aiulize shule maswali mahususi, na ayaulize kabla hajatia saini. Wanafunzi wangapi wa kuanza kabisa wanasubiri mkufunzi sasa hivi? Mkufunzi mpya mwenye CFI na CFII hupewa nani katika mwezi wake wa kwanza? Bima ya ndege yao ya injini mbili inamtaka mkufunzi awe na saa ngapi? Mkufunzi atakayeniandaa ametoa saa ngapi za mafunzo, na kwa muda gani? Kwa njia ya kawaida, anayemwandaa mkufunzi wa mara ya kwanza anatakiwa awe na cheti kwa angalau miezi 24 na awe amefundisha saa 200. Aliyezifikisha jana na aliyefundisha kwa miaka kumi wote wanatimiza sharti, lakini hawafundishi sawa. Shule ikiyajibu maswali hayo kwa idadi na majina ya ndege, mpangilio utajipanga wenyewe. Ikiyajibu kwa bei ya kifurushi cha idhini zote tatu, ni vyema kutafuta shule nyingine.